Trela ya kulala inanuka uvundo na sakafu ya mbele inabonyea, ila sioni panapovuja. Msaada wakuu

Baba_Neema253

Wakuu habari za huko mliko. Najua wengi humu mnaongelea nyumba na magari ila nimeona kuna wachache mna hizi trela za kulala, zile za kuvuta na pikapu, kwa hiyo naomba mnisaidie kabla sijapeleka hela yangu kwa dila (wauzaji wa trela wenye karakana).

Mwezi wa 5 nilinunua trela mtumba ya 2014, futi 24, kuta zake ni za bati lenye mikunjo sio zile laini za faiba. Kitanda kiko mbele, jiko katikati, choo nyuma. Niko Tacoma, jimbo la Washington. Kiangazi chote tumezunguka nayo bila shida, watoto wamefurahi, na mke wangu ambaye mwanzoni alisema nimenunua kontena mwishowe ndiye alikuwa anapanga safari. Sasa mnajua huku, mvua ikianza mwezi wa 10 ndo basi tena, mpaka mtu unasahau jua linafananaje. Jumamosi nimefungua mlango nichukue blanketi, nikakutana na harufu kama ya nguo zilizolowekwa kwenye ndoo zikasahaulika siku tatu.

Nikaanza kupekua. Chini ya kitanda kuna sehemu ya kuwekea vitu, kona ya kulia kule ndani kabisa zulia limelowa na plaiwudi yake ukibonyeza na kidole gumba inaingia ndani kama mkate uliochovya kwenye chai. Ukuta wa hapo juu kidogo ile karatasi ya ukutani imefanya mawimbi na ina doa la rangi ya chai ya rangi. Lakini dari iko kavu kabisa! Nimepapasa yote, kavu. Na dirisha la karibu liko mbali kama mita moja na nusu, chini yake pia kavu.

Nikapanda ngazi nikaangalia paa, ni la ule mpira mweupe, sijaona tundu wala mchaniko. Aliyeniuzia alikuwa amepaka silikoni kwenye kingo zote, nyingi kweli kama mtu anayepamba keki ya harusi, mimi siku nanunua nikaona huyu jamaa anaitunza mali yake. Kingine, pampu ya maji huwa inalia yenyewe usiku mara moja moja, sasa sijui ni mvua au ni mabomba.

Dila kaniambia kuifungua tu waangalie ni dola 600 na foleni yao ni mpaka mwezi wa 1. Naweza kutafuta mwenyewe? Nianzie wapi?

PaaLaElkhart

Pole sana mkuu. Mi nipo Elkhart, Indiana, huku ndo zinakotengenezwa trela nyingi za Marekani, na kazi yangu ya kwanza nilipofika ilikuwa kiwandani upande wa kuezeka, nimepiga miaka mitatu halafu nikahamia kwenye karakana ya kukarabati zilizooza, kwa hiyo nimeziona zikitoka mpya na nimeziona zikirudi. Nikwambie kitu, kule kiwandani malipo yanaenda na idadi, watu wanakimbia, kwa hiyo usishangae kukuta skrubu imekosa mbao kabisa inaning'inia kwenye pamba.

Kwanza achana na dari kukudanganya. Pale unapoona maji sipo yalipoingilia. Kwenye trela yako ukuta ni fremu ya mbao nyembamba, nje bati, ndani plaiwudi ya milimita 3 hivi, katikati ile pamba ya kuzuia baridi. Maji yakiingia juu kwenye kona hayadondoki sebuleni ukayaona, yanateleza nyuma ya bati, yanafuata mti, yananyonywa na pamba, yanashuka mpaka yakutane na sakafu ndo yanapumzika hapo. Ndo maana wewe unaona chini ya kitanda. Dari ikianza kudondosha ujue ni kesi nyingine, hapo ni tundu la feni au AC.

Kwa maelezo yako (kona ya mbele, doa linaanza juu kidogo, dari kavu) mimi ningeweka hela kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni ule ukanda wa alumini unaoshuka kwenye kona, pale ambapo bati la mbele linakutana na bati la ubavuni. Katikati ya ule ukanda kuna utepe wa plastiki umechomekwa kuficha skrubu. Utepe ule ukikaa juani miaka unasinyaa, unakuwa mfupi, maji yanaingia mfereji ule, skrubu zinaota kutu, na kutu ikishakula uzi wa skrubu pale tundu liko wazi kila mvua. Chomoa huo utepe, unatoka kwa mkono tu. Ukikuta skrubu za rangi ya udongo mwekundu umepata jibu nusu.

Cha pili ni zile taa ndogo za njano za juu kwenye paji la trela. Watu hawaziangaliagi kabisa. Kila taa ina tundu la waya nyuma yake limeingia moja kwa moja ukutani, na ukiwa barabarani maili 60 kwa saa kwenye mvua, maji yanasukumwa pale kama ya bomba. Trela inaweza isivuje hata tone ikiwa imepaki, ikavuja safarini tu.

Sasa hiyo silikoni. Mkuu nisamehe ila huyo aliyekuuzia hakuwa anaitunza mali, alikuwa anaificha. Silikoni haishiki vizuri kwenye mpira wa paa, na mbaya zaidi ikishakauka hakuna kitu kingine kinachoishika, hata silikoni mpya haiishiki ya zamani. Kwa hiyo inabanduka upande mmoja, inafanya kama mfuko, maji yanaingia chini yake na hayana pa kutokea. Itabidi uikwangue yote na kisu cha plastiki (sio cha chuma utachana mpira), ufute na spiriti, ndo uanze upya.

Upya maana yake hivi. Kitu chochote chenye mdomo unaolala juu ya bati au paa, taa, dirisha, ule ukanda wa kona, chini yake inakaa gundi ya butili, ile inayokuja kama utepe wa kijivu, inavutika kama jojo na haikauki haraka. Unaibandika, unafunga skrubu, inajaa yenyewe, ikitokeza nje unaikata. Halafu kwa JUU ya paa, kuzunguka feni, bomba la kupumulia la choo, antena na vichwa vya skrubu, hapo ndo unamwaga sili ya paa inayojisambaza yenyewe, wengi wanatumia Dicor. Ile ya kujisambaza usiiweke ukutani itashuka kama uji, kuna ya kusimama kwa ajili ya ukutani. Na siku ya kupaka iwe kavu na sio ya baridi kali.

Kabla hujafungua chochote fanya jaribio la maji. Watu wawili, mmoja ndani na tochi mwingine nje na mpira wa kumwagilia. Anza CHINI. Mwaga taratibu sehemu moja dakika 10 au 15, hakuna kitu ndani, panda juu kidogo, tena, panda. Ukianzia juu maji yatashuka yapite kila tundu na hutajua ni lipi. Usitumie mashine ya presha, ile inasukuma maji hata pasipovuja na inabandua sili nzima. Kabla ya hapo toa ubao wa chini ya kitanda na uikaushe kona na feni siku mbili, ukianza na kona iliyolowa utaonaje tone jipya?

Kijana_Mbagala

Jamani mnahangaika na nini, huku kwetu bati likivuja unachemsha lami kidogo unapaka na kitambaa juu yake, imeisha hiyo. Nyumba ya mjomba ina lami tangu 2009 haijadondosha. Elfu kumi tu. Dola 600 kuangalia?? nipeni nauli nije niwaangalizie

PaaLaElkhart

@Kijana_Mbagala umenichekesha na nimekumbuka nyumbani, ila Baba Neema usimsikilize huyu. Lami kwenye bati la nyumba sawa, paa lako wewe ni mpira wa EPDM na EPDM na vitu vya mafuta ya petroli haviivani kabisa, mpira unavimba unafanya malengelenge unabanduka kwenye ubao. Ndo maana hata kuosha unaosha na sabuni ya kawaida, sio sabuni yenye mafuta ya taa ndani. Nimewahi kupokea trela moja mzee kapaka lami ya paa la nyumba yote, futi 30, tuliikwangua siku nne na mwisho tukang'oa paa zima.

Ukitaka kitu cha haraka cha mchaniko kuna utepe wa Eternabond, ule ukishabandika umebandika, pima mara tatu maana hautoki tena.

DerevaWaMasafa

Niaje watu wangu. Mimi ni Mkenya niko Houston na naishi kwa trela full time tangu 2019, so kuhusu hiyo pump nitakuambia kitu kimoja. Pump ikiwa on na hakuna mahali umefungua maji, haifai kulia. Ikilia hata kasekunde kila baada ya saa moja maana yake presha inashuka, na presha ikishuka maji yameenda mahali. Sasa usikimbilie kusema ni hiyo kona yako, kwa sababu kitanda kiko mbele na choo kiko nyuma, maji ya choo yatafuata sakafu ya nyuma.

Fanya hivi, jioni funga kila kitu, washa pump ijaze presha mpaka inyamaze, kisha zima switch. Asubuhi usiiwashe, fungua tu tap ya jikoni. Maji yakitoka kwa nguvu kidogo basi pipes ziko sawa, yakitoka fyuu halafu kimya, kuna leak. Pia angalia pale nje unaunganisha mpira wa maji ya kambi, kuna valvu ndogo ya kuzuia yasirudi, hiyo ikichoka maji ya tenki hurudi nje kwa hapo na pump inalia tu bure, mimi yangu ilikuwa hiyo na nilikuwa nishafungua nusu ya kabati za jikoni nikitafuta. Kitu ya dola chache.

Weka tishu nyeupe kavu chini ya kila joint, chini ya sinki, nyuma ya choo, kando ya hita ya maji. Tishu haidanganyi, hata tone moja utaliona.

Na regulator ya presha, ile ya kupunguza nguvu ya maji ya kambi, uko nayo? Kuna kambi ziko na presha ya zaidi ya PSI 100 (kipimo cha presha) na hizi pipes zetu zinataka kama 45 au 50 hivi. Mimi nilijua hiyo maneno baada ya kurudi na kupata kitchen imekuwa dimbwi.

Halafu hiyo baridi ya huko kwenu, toa maji kwa system kabla haijaganda au weka ile antifreeze (dawa ya kuzuia maji kuganda) ya pinki ya RV, yaani ya hizi trela, sio ya gari hiyo ni sumu. February 2021 huku Texas kuliganda, sisi hatukuwa tumezoea, pipe zenyewe za PEX, zile za plastiki inayopinda, zilivumilia lakini zile elbow za plastiki na valvu ya choo zilipasuka na hukuiona mpaka barafu ikayeyuka. Nilikuwa barabarani Oklahoma, jirani akanipigia ananiambia trela yako inakojoa.

Mama_Karavani

Haya, na mimi wa Uingereza niingie, huku tunaziita karavani na mvua yetu mnaijua. Niko karibu na Leeds.

Baba Neema nunua mita ya unyevu, ile yenye sindano mbili. Huku kila mwaka karavani inapelekwa kupimwa, fundi anapita na mita kuta zote anaandika namba kwenye mchoro wa karavani, na nyingi ile waranti ya maji kuingia inakufa usipopeleka. Mimi nimejifunza kupima mwenyewe. Chini ya asilimia 15 kwenye mbao sina wasiwasi, 15 mpaka 20 nairudia mwezi ujao, ikipita 20 naanza kutafuta. Ila namba moja haikwambii kitu, unapima sehemu ileile ya upande wa pili halafu unalinganisha. Kona ya kulia 28 kona ya kushoto 13, hapo hakuna mjadala. Kuta zote 19 baada ya usiku wa baridi? Hayo sio maji ya mvua baba, hayo ni ya kwenu wenyewe.

Maana watu wanasahau, binadamu wanne wamelala kwenye boksi dogo wanapumua usiku kucha, asubuhi dirisha linatiririka, godoro chini limelowa, mtu anasema paa linavuja. Na jiko la gesi ndo kabisa, kilo moja ya propeni ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke, na yote yanabaki humo ndani mkipikia mmefunga madirisha. Hita ya trela yenyewe inapumulia nje, jiko halipumulii nje. Mimi nilikuwa nachemsha maharage kwa masaa mawili na nalalamika ukungu! Fungua kidirisha cha juu kidogo hata kukiwa na baridi, na chini ya godoro weka kitu cha kupitisha hewa.

Ya jasho la hewa doa lake ni dogodogo jeusi la ukungu, linakuja kwenye kona za baridi na nyuma ya makabati. La mvua ni kama ulivyosema, rangi ya chai, lina ukingo kama ramani. Kwa hiyo lako naungana na fundi wa Indiana. Nakuombea isiwe sana.

Baba_Neema253

Asanteni sana wakuu, sikutegemea. Nimesoma yote mara mbili na wikiendi hii nimefanya, narudisha majibu.

Mita nimenunua dola 30. Kona ya kulia mbele chini ilisoma 34, kushoto 12. Nikapanda nayo ukutani taratibu, 31, 29, 27, nikafika juu karibu na dari bado 24, halafu dari yenyewe 11. Kwa hiyo ni kweli, yanashuka ukutani bila kugusa dari. Mama Karavani hiyo ya kulinganisha pande mbili imenifungua macho kuliko kitu chochote, maana dirisha la nyuma nalo limesoma 22 na nilikuwa silifikirii.

Tukaikausha na feni mbili na mashine ya kunyonya unyevu siku tatu, ndoo ilikuwa inajaa kila asubuhi. Jumapili mvua ilikata saa nne asubuhi nikasema leo leo. Mke wangu akajilaza chini ya kitanda na tochi (amesema hili nitalilipa), mimi nje na mpira. Chini, robo saa, hakuna. Katikati, hakuna. Nikafika usawa wa juu ya ukanda wa kona, dakika kama sita akapiga kelele "limetoka!" Tone limepita pembeni ya mti wa fremu, halafu la pili, halafu ikawa mstari.

Nikachomoa ule utepe wa plastiki. Ulikuwa umesinyaa, juu kabisa ulipungukiwa kama sentimita nne na hilo pengo ndo jamaa alilijaza silikoni. Silikoni ikatoka nzima kama ganda la yai, ndani yake kuna maji na matope ya majani. Skrubu sita za juu, mbili zilikatika kichwa nilipogusa tu, moja ikatoka kwa vidole, nyekundu yote, imebaki nyembamba kama njiti. Nyuma ya ukanda ile butili ya kiwandani imekauka ina nyufa, inavunjika kama biskuti. Nikachoma mti wa nyuma yake na bisibisi, imeingia mpaka kwenye mpini.

Taa ya paji la upande huohuo nikaifungua pia kwa sababu fundi ulisema, ndani kulikuwa na maji kabisa na mdudu mmoja amekufa anaelea. Kwa hiyo viwili vyote.

Pampu, DerevaWaMasafa umeshinda. Mabomba yalishika presha usiku, asubuhi tap ilitoa kwa nguvu, ila pale pa kuunganishia nje kulikuwa kunadondosha. Nimeagiza kivalvu.

Sasa swali, mti uliooza ni wa kona, urefu kama futi tatu kutoka juu, na plaiwudi ya chini ya kitanda kipande kama cha meza ndogo. Nifunge tu nje maji yasiingie halafu niiache ikauke, au lazima nibomoe? Winta imeshafika.

PaaLaElkhart

Kazi nzuri sana mkuu, na mpe shemeji heshima yake.

Lazima uukate huo mti. Sikwambii kwa kupenda kazi, nakwambia kwa sababu skrubu mpya za ukanda zitashika wapi? Ukifunga skrubu kwenye mti uliooza leo zinakaza, ukiendesha maili 100 zinalegea na utarudi palepale. Lakini usibomoe trela nzima pia. Bati la ubavuni unalifungua kuanzia kona tu, unatoa skrubu na zile stapo za pembeni, unalikunja nje taratibu kama unafungua ukurasa wa kitabu, mtu mmoja alishike lisipate mkunjo. Kata mpaka ufike kwenye mti mgumu, yaani bisibisi isiingie, halafu panda mbele sentimita 15 nyingine ndo ukate. Mti mpya unauunganisha na kipande cha pembeni, gundi na skrubu. Pamba iliyolowa usiirudishe hata ikikauka, tupa.

Kwa sababu ni winta na huku ndani hujafunga, fanya hatua mbili. Sasa hivi, siku yoyote kavu, weka butili na skrubu ndefu kidogo za chuma kisichoota kutu pale zinaposhika, utepe mpya wa plastiki (uuache mrefu sentimita mbili tatu zaidi kila upande, usiuvute wakati unachomeka maana ukiuvuta utarudi kusinyaa), na taa ibadilishe nzima. Funika kwa turubai lile linalopumua, sio nailoni, nailoni inafungia unyevu ndani na inapigwa na upepo mpaka inasugua paa. Ubao wa chini ya kitanda uache wazi na feni iendelee. Mbao unafanya mwezi wa 5 au wa 6.

Ile 22 ya dirisha la nyuma usiisahau. Angalia kwanza vitundu vidogo vya chini ya fremu ya dirisha kwa nje, vile ni vya kutolea maji, vikizibwa na uchafu au na mtu mwenye silikoni yake maji yanajaa yanamwagikia ndani. Njiti ya meno inatosha.

Na AC, ingia ndani utoe kifuniko cha dari uangalie boliti nne. Chini ya AC kuna gasketi ya sponji imekaa kuzunguka tundu la inchi 14 kwa 14, inatakiwa ibanwe ibaki kama nusu inchi. Zikiwa zimelegea kaza kidogokidogo kwa zamu, usikaze kama nati za tairi utaivunja.

Baada ya hapo paa unalipitia kila miezi mitatu, vitabu vingi vya hizi trela ndivyo vinavyosema na hakuna anayesoma. Dakika ishirini tu, unapiga magoti juu ya kipande cha plaiwudi, unapapasa kila sili na kidole. Ukiona ufa mwembamba kama unywele unaufuta unaongeza sili juu yake, sili hiyo ya paa yenyewe inashikana na ya zamani, sio kama silikoni.

Kijana_Mbagala

Kwa hiyo lami hamtaki kabisa 😂 sawa. Ila swali la kweli, hiyo butili inapatikana Kariakoo? Nina tundu kwenye bodi ya Hiace nyuma ya taa, mvua ikinyesha abiria wa siti ya mwisho analowa bega moja

PaaLaElkhart

Hilo sasa ndo swali zuri. Waulize wanaobadilisha vioo vya mbele vya magari, huwa wana gundi nyeusi ya vioo na wengine wana butili ya roli. Fungua taa kabisa, safisha, zungusha butili nyuma ya mdomo wa taa, rudisha. Usipake kwa nje.

Mama_Karavani

Na huyo abiria mpe hata nusu nauli kwa wakati huu.

Baba_Neema253

Nimefunga ukanda jana kabla ya giza, skrubu nne kati ya zile sita zimepata mti mzima, mbili zinazunguka tu kama fundi alivyosema, nimezijaza butili kwa sasa. Vitundu vya dirisha la nyuma vilikuwa vimezibwa vyote viwili na silikoni, kweli huyu jamaa! Nimezibua, kikombe kizima cha maji ya rangi ya chai kikatoka kwenye fremu.

Usiku imenyesha mpaka asubuhi. Nimeenda na mita na kandambili kabla ya kazi, kona juu 21, chini 26, inashuka. Nitapima tena Jumamosi. Harufu bado ipo ila mke wangu amesema godoro haliingii mle mpaka namba ianze na moja.